"Lakini Hatutozi Pesa"

Nimeisikia tena juzi, kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa Bamburi, na sasa nimeamua kuijibu kwa urefu ili siku nyingine nimtumie mtu kiungo tu. Mama huyu analea watoto wa majirani wanaofanya kazi mahotelini, wazazi wa zamu za alfajiri na za usiku. Alianza na watoto wachache wa ukoo, na leo wamejaa nyumba nzima ya chini. Kaunti imembandikia notisi getini, kwamba anaitumia nyumba ya kuishi kwa kazi nyingine bila kibali. "Lakini hatutozi pesa," ananiambia. "Wazazi huleta unga na maziwa tu. Kwani hii nayo ni biashara?"

Vijana wanaotaka kufungua maktaba Likoni husema hivyo hivyo. Maustadhi waliogeuza ghorofa ya chini kuwa chuo cha Kurani husema hivyo, na vikundi vya maombi vinavyokutana sebuleni kwa mtu pia. Wote wana imani moja: kibali ni shughuli ya wenye maduka na baa, na anayefanya kheri amesamehewa. Si kweli. Imani hiyo imefungisha vituo vizuri kabisa, vituo ambavyo vingepata kibali kama wenyewe wangeomba kabla ya kualikwa kwa notisi.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, inahesabu kuwa umeendeleza ardhi ukifanya kazi juu yake, au ukibadilisha kwa kiasi cha maana namna jengo au ardhi hiyo inavyotumika. Neno faida halimo humo, wala neno ada. Hata msumari huhitaji kugonga: kuta zikibaki zile zile na rangi ile ile, lakini kinachofanyika ndani yake kikawa kingine, umeendeleza. Na kuendeleza bila kibali ni kosa lenye faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Sisemi haya ili kutisha watu. Ninayasema kwa sababu kila anayeniletea notisi huniambia hakuna aliyemwambia.

Tazama nyumba mbili. Katika ya kwanza, mwalimu mstaafu anafundisha hesabu watoto watatu wa mtaani jioni, na kila mzazi anamlipa. Katika ya pili, watoto sitini wanasoma bure kuanzia saa mbili asubuhi, Jumamosi na Jumapili, na wanaletwa kwa tuktuk, kwa pikipiki na kwa magari. Ya kwanza ina pesa lakini bado ni nyumba ya kuishi, na mimi sitamshauri mwalimu yule aombe chochote. Ya pili haina hata senti, na imekwisha kuwa shule. Afisa wa mipango hashughuliki na mfuko wako. Anataka kujua watu wangapi wanaingia, saa ngapi, wanaegesha wapi, wanapiga kelele kiasi gani, na maji machafu yanakwenda wapi.

Hilo la maji machafu ndilo ambalo watu hawaliwazi kabisa, na ndilo linaloninyima usingizi. Sehemu kubwa ya Mombasa haina bomba la maji taka. Nyali, Bamburi na Kisauni tunategemea karo, yaani tangi la maji taka linalochimbwa uani, na mashimo. Karo la nyumba lilichimbwa likikusudiwa familia: baba, mama, watoto, pengine bibi na msaidizi wa nyumbani. Ukileta watoto arubaini wanaokwenda chooni asubuhi nzima, lile karo linajaa upesi na kuanza kumwaga ardhini. Na ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe, umejaa matundu. Kinachovuja hakichujwi vya kutosha, kinashuka moja kwa moja hadi kwenye maji ya visima, na mfereji unapokauka visima hivyo ndivyo vinavyonywesha mtaa mzima. Basi jirani anayelalamika kuhusu kituo chako huenda hachukii watoto, wala dini yako. Huenda kisima chake kimeanza kunuka. Kutotoza ada hakumsaidii kitu.

Kelele nazo zina vipimo. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba katika maeneo ya makazi mchana, na 35 usiku, na usiku wenyewe kisheria unaanza baada ya saa mbili. Wanaoweka vipaza sauti huamini kuwa ibada imepewa nafasi kubwa zaidi. Ni kinyume chake: kikomo cha mahali pa ibada mchana ni 40, chini ya kile cha makazi. Kikao cha dua cha usiku chenye spika mbili uani hakiwezi kukaa ndani ya kipimo hicho. Zima spika. Dua itafika.

Sasa nije kwenye swali gumu, lile ambalo vitabu vyetu hulipita haraka: badiliko "la maana" linaanzia wapi? Watu hutaka niwape namba. Watoto kumi? Kumi na tano? Sheria haina namba, na maafisa wawili wa ofisi moja wanaweza kuitazama nyumba ile ile wakatoka na majibu mawili. Hapa pwani jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mtoto kusoma Kurani barazani kwa mwalimu wa mtaa ni desturi iliyokuwapo kabla ya sheria zote hizi na kabla ya kaunti yenyewe. Mwalimu akikaa na watoto wanane barazani mwake baada ya alasiri, hiyo kwangu ni sehemu ya maisha ya nyumba ya Kiswahili, na nitasimama mbele ya kamati yoyote niseme hivyo. Je, wakifika ishirini? Hapo nasitasita. Wakifika ishirini na kukaletwa madawati na ubao, akaajiriwa mwalimu wa pili, na sebule ikawa haitumiki tena na familia? Hapo sisiti tena.

Kipimo ninachotumia mimi, na ni changu, hakimo katika kanuni, ni hiki: shughuli ikisimama kwa mwezi mmoja, je, pale patabaki nyumba inayokaliwa, au patabaki jengo tupu lenye viti? Ikibaki nyumba, kuna hoja ya kusema matumizi hayajabadilika, au yameongezeka tu. Likibaki jengo tupu, familia ilishahama siku nyingi, na unachohitaji ni kibali cha kubadilisha matumizi kamili.

Tofauti hiyo kati ya kuongeza na kubadilisha naomba isichukuliwe kijuujuu, kwa sababu watu wanalipia kosa hilo kila mwaka. Anayeishi ghorofani na kuendesha kituo chini anaweza kuomba nyongeza ya matumizi: nyumba inabaki ya makazi kisheria, na sehemu fulani inaruhusiwa shughuli fulani. Kaunti inaweza kuweka masharti juu ya saa, idadi ya watu, maegesho au choo cha nje. Anayeomba kubadilisha matumizi amekubali kwamba kiwanja chote kimeacha kuwa cha makazi, na hilo linaweza kugusa kodi, thamani, na hati yenyewe. Nimewaona watu walioshauriwa na madalali waombe kubadilisha kila kitu kwa ajili ya chumba kimoja cha maktaba. Baadaye maktaba ikafa, na familia ikabaki na kiwanja ambacho kwenye karatasi ni cha taasisi, wasiweze kukiuza kama nyumba bila kurudi nyuma kuanza upya. Ukiendesha kituo ndani ya nyumba unayoishi, anza kwa kuuliza kuhusu nyongeza.

Kabla ya yote hayo, soma hati yako. Hati nyingi za kukodi ardhi kutoka kwa serikali zina sharti maalumu kwamba kiwanja kitatumika kwa nyumba ya kuishi pekee. Kibali cha kaunti hakifuti sharti hilo. Itabidi hati nayo ishughulikiwe upande wa ardhi, na ni safari nyingine, ndefu. Mitaa mingine pia ina masharti ambayo majirani wenyewe wanaweza kuyadai mahakamani. Ukipata kibali ukaacha hati ilivyo, umefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi.

Na sisi wa Mombasa tuna jambo letu wenyewe: nyumba bila ardhi. Majengo, Kisauni, sehemu nyingi za mji huu, mtu amejenga nyumba yake halali kabisa juu ya ardhi ya mwingine, na anamlipa kodi ya kiwanja. Mtu huyo akija kwangu kuomba kibali cha kituo, swali la kwanza ni: mwenye ardhi amekubali kwa maandishi? Mara nyingi mwenye ardhi ni warithi waliotawanyika, au ni wakfu, na hapo mazungumzo ni na wasimamizi wa wakfu au Tume ya Wakfu. Nakiri kwamba kwa kesi hizi sina njia nyepesi ya kuwapa watu. Sheria iliandikwa ikimfikiria mtu mwenye hati mkononi, na wengi kati ya wanaoendesha vituo vya maana kabisa katika mitaa yetu hawana. Ninachofanya ni kutafuta barua ya mwenye ardhi, kuonyesha risiti za kodi, kueleza hali ilivyo bila kuficha, na kumwomba afisa atumie busara. Wakati mwingine inatosha, na wakati mwingine haitoshi. Katika Mji wa Kale ongeza Makumbusho ya Taifa, kwa kuwa kugusa jengo la eneo la hifadhi kuna taratibu zake, hata kama ni mlango wa pili tu kwa ajili ya watoto.

Kuhusu karatasi nyingine nitasema upesi. Cheti cha kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kinatambua kikundi, hakitambui jengo. Kibali cha biashara cha kaunti si kibali cha matumizi ya ardhi, hata kama vyote vina nembo moja. Barua ya chifu ni barua ya chifu. Ukaguzi wa afya ya umma na usajili wa elimu ni lazima kwa vituo vya watoto, lakini hauchukui nafasi ya kibali cha matumizi, na hiki hakichukui nafasi ya hivyo.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Unamwajiri mtaalamu wa mipango ya ardhi aliyesajiliwa aandike ripoti, unaambatisha hati, sachi mpya (taarifa ya ofisi ya ardhi inayoonyesha mwenye kiwanja), ramani ya kiwanja na risiti za reti (kodi ya ardhi ya kaunti), unaweka tangazo ili umma utoe pingamizi, kisha ombi linaingia kaunti na kupelekwa kwa idara nyingine zitoe maoni. Usiporidhika na uamuzi una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Majirani nao wana haki hiyo hiyo ya rufaa, kwa hiyo zungumza nao kabla hawajaliona tangazo. Pingamizi la jirani si kura ya turufu, linapimwa kwa hoja zake. "Sitaki watoto hapa" ni hoja dhaifu. "Magari yao yanaziba barabara na gari la wagonjwa halikuweza kupita" ni hoja nzito, na afadhali uijibu barazani kwake kuliko mbele ya kamati.

Sheria inasema pia kwamba usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali kinahesabiwa kimetolewa. Wateja wangu wakisikia hivyo hutabasamu, mimi sitabasamu. Kisheria ni haki yako, na nitaitetea. Lakini hutakuwa na karatasi ya kuonyesha askari wa kaunti akija, wala masharti yaliyoandikwa ya kukulinda, na mtu anaweza kudai ombi lako halikuwa kamili tangu mwanzo, kwa hiyo siku hazikuanza kuhesabiwa. Hapo hoja inakuwa ni lini ombi lilipokewa likiwa kamili. Hifadhi risiti yenye tarehe, siku ya sitini ikipita andika barua ueleze kuwa unategemea kifungu hicho, na uipeleke ipigwe muhuri wa kupokewa. Mimi binafsi bado ningefuatilia jibu la maandishi kabla ya kuleta watoto zaidi.

Yule mama wa Bamburi ana nafasi nzuri, kwa sababu bado analala katika nyumba ile, ana ua mpana wa kuegesha, na jirani yake wa kushoto ni mmoja wa wazazi wanaoleta watoto. Asiipuuze notisi wala asijibizane na aliyeibandika. Aje ofisini na notisi yenyewe, hati au barua ya mwenye nyumba kama amepanga, orodha ya watoto na saa zao, picha za choo na karo, na jina la fundi aliyelichimba kama bado yuko hai. Tutaanza na karo.