Thumuni na sudusi ni ngapi? Kanuni za asili katika hesabu za sehemu

Mwanamume amefariki. Ameacha mke, mama mzazi na mtoto mmoja wa kiume. Gharama za mazishi zimetolewa, madeni yamelipwa, wasia hakuna, na mali iliyobaki ina thamani ya shilingi 12,000,000. Katika mirathi ya Kiislamu, mke wa marehemu aliyeacha mtoto hupata thumuni, yaani 1/8. Mama hupata sudusi, yaani 1/6. Mtoto wa kiume huchukua kinachobaki. Je, mke na mama kwa pamoja wanachukua sehemu gani ya mali?

Jibu linalowajia wengi haraka, watu wazima wakiwemo, ni 2/14: moja na moja ni mbili, nane na sita ni kumi na nne. Tulipime jibu hilo. 2/14 ni sawa na 1/7, na 1/7 ya milioni 12 haifiki hata 1,720,000. Lakini haki ya mama peke yake, 1/6, ni 2,000,000. Kwa hesabu hiyo mama na mkwewe wakiunganisha mafungu yao wanapata pungufu ya anachopata mama peke yake. Haiwezekani. Watu wawili wamedhulumiwa, na aliyewadhulumu ni kalamu.

Kosa liko kwenye namba ya chini. Namba ya juu, kiasi, inahesabu vipande. Namba ya chini, asili, inataja ukubwa wa kipande. Thumuni moja na sudusi moja ni vipande viwili kweli, lakini viwili vya nini? Si vya thumuni, si vya sudusi. Havijumlishiki mpaka tuvikate upya viwe vya ukubwa mmoja.

Tunatafuta basi namba inayogawanyika kwa 8 na kwa 6 bila baki. Vigawe vya 8 ni 8, 16, 24. Vya 6 ni 6, 12, 18, 24. Vinakutana kwenye 24, ambayo ndiyo kigawe kidogo cha shirika, KDS. Mali inakatwa mafungu 24. Mke anapata 3/24, mama 4/24, jumla 7/24, na mtoto anabakiwa na 17/24. Fungu moja ni shilingi 500,000. Kwa hiyo mke ana 1,500,000, mama 2,000,000 na mtoto 8,500,000. Zijumlishe uone kama hazirudi kwenye milioni 12.

Mwanafunzi asiyekumbuka kutafuta KDS asihangaike. Azidishe tu asili zenyewe, 8 mara 6, apate 48. Atapata 6/48 na 8/48, jumla 14/48, na akirahisisha atarudi kwenye 7/24. Namba zinakuwa kubwa zaidi, basi. Napenda walimu waliseme hili waziwazi, kwa sababu wapo watoto wanaoacha swali zima kwa kuogopa KDS.

Kilichotuwezesha kugeuza 1/8 kuwa 3/24 ni kanuni moja: ukizidisha juu na chini kwa namba ileile isiyo sifuri, thamani haibadiliki. Kugawanya ni vivyo hivyo, na ndiko kurahisisha. Kujumlisha hakumo. Ongeza 1 juu na chini kwenye 1/2 utapata 2/3, ambayo ni kubwa zaidi. Kufuta tarakimu zinazofanana nako hakumo: 16/64 ukifuta 6 juu na chini inabaki 1/4, na jibu ni sahihi kwa bahati tu. Fanya hivyo kwa 17/74, ufute 7, utapata tena 1/4, na safari hii ni kosa.

Mirathi ina funzo jingine zito kuhusu asili. Mwanamke amefariki bila mtoto wala mzazi, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mume ana 1/2, dada kwa pamoja wana 2/3. Kwa asili ya 6 hizo ni 3/6 na 4/6. Jumla ni 7/6! Mafungu yaliyoahidiwa yamezidi mali. Mafakihi wa Kisunni hutatua hili kwa auli: wanaacha viasi vilevile, 3 na 4, wakaipandisha asili kutoka 6 hadi 7. Mume anapata 3/7, dada 4/7. Kila mmoja amepunguziwa kwa uwiano uleule na mali imetosha. Mwanafunzi akilielewa hilo ameona kwa macho yake kwamba asili ikikua na kiasi kikabaki vilevile, kipande kinapungua. Ndiyo maana pia bomba la 5/8 ya inchi ni jembamba kuliko la robo tatu, ingawa 5 na 8 zote ni kubwa kuliko 3 na 4: robo tatu ni 6/8.

Kuzidisha hakuhitaji asili zifanane. Nusu ya robo tatu ya ekari ni 1/2 × 3/4, juu kwa juu, chini kwa chini: 3/8 ya ekari. Kutumia KDS hapo si kosa, ni kazi ya bure.

Asili haiwi sifuri kamwe. 6/0 inauliza: ni namba gani ukiizidisha kwa 0 unapata 6? Hakuna.

Kugawanya ndiko watoto wanakofundishwa kupindua sehemu ya pili bila kuambiwa sababu. Tuseme muuza duka ana kilo 4½ za unga na anafunga pakiti za robo tatu ya kilo. Zitatoka pakiti ngapi? 4½ ni 9/2, na 9/2 ni 18/4. Sasa swali ni robo 18 zikifungwa robo tatutatu, na asili zimeshafanana, hivyo tunagawanya viasi tu: 18 ÷ 3 = 6. Kwa kupindua, 9/2 × 4/3 = 36/6, ambayo ni 6 vilevile. Kupindua ni njia fupi ya kusawazisha asili na kugawanya viasi kwa mkupuo mmoja. Mtoto akifika kwenye mtihani akasahau ni sehemu ipi inayopinduliwa, asibahatishe: asawazishe asili, agawanye viasi, aendelee na swali linalofuata.