Uzazi ni wa wawili: namna viungo vya mume na mke vinavyofanya kazi

Katika kliniki za uzazi za Nyanda za Juu Kusini, mwanamke ambaye hajapata mimba ndiye anayefika kwanza, na mara nyingi hufika peke yake au akisindikizwa na wifi yake, ilhali mume amebaki shambani au dukani akiamini kwamba jambo hilo halimhusu. Imani hiyo haina msingi katika maumbile, kwa kuwa mfumo wa uzazi wa mwanamume una hatua nyingi, na kila hatua inaweza kukwama.

Mbegu za kiume hutengenezwa ndani ya korodani, kwenye vijirija vyembamba vilivyojikunja, kwa kuchochewa na homoni, baadhi yake zikitoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Kazi hiyo huhitaji joto lililo chini ya joto la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi, na ndiyo maana korodani zimewekwa nje ya tumbo. Mfuko unaozibeba hujirekebisha wenyewe: asubuhi ya Julai kule Makete misuli hukaza na kuzivuta karibu na mwili, na mtu huyohuyo akishuka Kyela, kwenye joto la kando ya Ziwa Nyasa, misuli hulegea nazo zikashuka. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto wa kiume aliyefikisha miezi 6 huku korodani yake moja au zote mbili hazijashuka mfukoni anapaswa kuonwa na daktari, wala asisubiriwe akue.

Mbegu huchukua takriban siku 64 hadi 74 kutengenezwa, kisha hupita kwenye mrija uliojikunja nyuma ya korodani, ambako hukomaa na kupata uwezo wa kuogelea. Wakati wa kumwaga shahawa, mbegu huchanganyika na majimaji ya vifuko vya shahawa na ya tezi dume, na majimaji hayo ndiyo sehemu kubwa ya kile kinachoonekana kwa macho. Hapa ndipo wanaume wengi wanapojidanganya. Nguvu za tendo la ndoa na wingi wa shahawa havithibitishi kwamba mbegu zipo. Mwanamume aliyefunga uzazi kwa upasuaji hutoa shahawa karibu kiasi kilekile cha zamani, na miezi michache baada ya upasuaji ndani yake kwa kawaida hamna mbegu hata moja. Kinachothibitisha ni darubini peke yake.

Mwanamke, kwa upande wake, hatengenezi mayai mapya kila mwezi. Huzaliwa na akiba ya mayai kati ya milioni 1 na 2, ambayo hupungua hadi laki tatu au nne anapovunja ungo, na katika maisha yake yote mayai yapatayo 400 tu ndiyo yatakayopevuka na kutoka. Yai likishatoka kwenye ovari hudakwa na mrija wa uzazi, nalo huishi kati ya saa 12 na 24 tu. Mbegu za kiume huvumilia zaidi: zikikuta ute wa mlango wa kizazi ukiwa mwepesi na wa kuvutika, zinaweza kuishi hadi siku 5. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni takriban 6 katika mzunguko mmoja, nazo huishia siku yai linapotoka.

Wengi wamekariri kwamba yai hutoka siku ya 14. Hesabu hiyo humfaa mwenye mzunguko wa siku 28, kwa sababu kipindi kisichobadilika sana ni kile kinachofuata baada ya yai kutoka, ambacho huchukua karibu siku 14 hadi hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21, na mwenye siku 24 hutoka karibu na siku ya 10. Ugonjwa au msongo wa mawazo unaweza kuisogeza siku hiyo.

Yai na mbegu hukutana ndani ya mrija, kabla ya kufika kwenye mfuko wa uzazi. Kisonono na klamidia, magonjwa ya zinaa ambayo kwa wanawake wengi hayaoneshi dalili, huacha makovu yanayoweza kuziba mrija huo au kusababisha mimba itunge nje ya mfuko, na kwa wanaume huweza kuziba njia ya mbegu vilevile. Jinsia ya mtoto nayo huamuliwa hapohapo na mbegu, kwa kuwa ndiyo inayobeba ama kromosomu (kibebeo cha urithi) ya X, inayoleta msichana, ama ya Y, inayoleta mvulana, ilhali yai hubeba X tu; kumlaumu mke kwa kuzaa wasichana watupu ni kumdai asichokuwa nacho.

Wenzi wanaokutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 pasipo mimba kutunga wanapaswa kufika hospitalini wote wawili, na mke akiwa na umri wa miaka 35 au zaidi wasivuke miezi 6. Kipimo cha mume ndicho chepesi zaidi, hakina sindano wala upasuaji, nasi tunashauri kifanyike kabla mke hajaingizwa kwenye vipimo vya mirija. Mume ajizuie kutoa shahawa kwa siku 2 hadi 7, atoe sampuli yote kwenye chombo safi alichopewa na maabara, na asitumie kondomu ya kawaida kwa sababu nyingi zina dawa au mafuta yanayodhuru mbegu. Akitolea nyumbani, aifikishe ndani ya saa moja akiwa ameificha ndani ya koti karibu na mwili, hasa miezi ya baridi. Majibu yakionesha upungufu, kipimo hurudiwa baada ya takriban miezi 3, muda unaotosha mbegu mpya kutengenezwa.