Unyevuanga, na sababu ya nguo kutoka mbichi kwenye draya

Unyevuanga ni mvuke wa maji uliomo hewani, usioonekana kwa macho. Mkazi wa Mombasa aujua hata kama hajawahi kulisikia jina lake: chumvi yagandana kwenye kichupa, kanzu iliyokaa kabatini yanuka uvundo, na mwezi wa tano shuka lashinda kambani kutwa na magharibi bado ni bichi.

Hewa hubeba maji kwa kipimo. Kwenye nyuzijoto 30, mita moja ya ujazo hubeba gramu 30 hivi za mvuke, basi. Ikifika hapo imeshiba, na nguo iliyolowa haina pa kupeleka maji yake. Ukisikia unyevuanga ni asilimia 80, ujue hewa imeshabeba gramu 24 kati ya hizo 30, imebakiwa na nafasi ya sita tu. Lakini ipashe moto mpaka nyuzijoto 60, na kipimo chake chapita gramu 100. Hapo ndipo draya, yaani mashine ya kukaushia nguo, inapofanyia kazi yake. Huvuta hewa ya chumbani, huipasha moto ili ipate nafasi, huipitisha kwenye nguo zinazozunguka, kisha huitoa pamoja na maji iliyobeba.

Hatua hiyo ya kutoa ndiyo inayosahauliwa. Nguo zisipokauka, kila mtu hulaumu moto.

Mwaka jana dadangu aliniita kwake Tudor. Draya ilizunguka saa mbili nzima na taulo bado zimelowa. "Fundi keshasema ni elementi," akaniambia, na pesa za kununua nyingine alikuwa ameshazitenga. Nikatia mkono ndani: taulo zilikuwa moto wa kutosha kuniunguza vidole. Elementi ndiyo inayopasha hewa moto, na iliyokufa haiwezi kutoa joto lile. Tukaivuta mashine mbele, tukakuta mpira wa kutolea hewa umebanwa na ukuta hadi umekunjika, na mwisho wake umeachwa mle mle stoo, dirisha limefungwa. Kuta zilikuwa zatiririka maji. Mashine ilikuwa ikivuta tena mvuke iliyoutoa yenyewe.

Kwa hiyo shika nguo kabla hujamwita fundi. Zikiwa moto na mbichi, joto lipo ila hewa haipiti. Zikiwa baridi na mbichi, hapo huenda ni elementi, au fyuzi ya joto imekatika, na hiyo ni kazi ya fundi, plagi ikiwa imetolewa. Mwambie pia aangalie njia ya hewa, maana fyuzi hiyo mara nyingi hukatika kwa sababu hewa imeziba na joto limezidi. Akiweka mpya bila kuzibua, itakatika tena.

Chujio la nyuzi lisafishwe kila baada ya mzigo, kwa sababu zile nyuzi laini hushika moto upesi. Hata likionekana safi, limwagie maji: yakituama juu ya wavu badala ya kupenya, limepakwa utando wa dawa ya kulainisha nguo. Lisugue kwa sabuni na mswaki mzee, likauke ndipo ulirudishe.

Draya isiyo na mpira wa nje hugeuza mvuke kuwa maji na kuyakusanya kwenye tangi. Nyingi za aina hii hutumia hewa ya chumbani kupoza ule mvuke, kwa hivyo kwenye chumba kidogo kilichofungwa, na joto letu hili, huchoka mapema. Mwaga tangi, osha kondensa (sehemu inayopoza mvuke uwe maji), fungua dirisha.

Na usiitwike draya kazi ya mashine ya kufulia. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke hula zaidi ya nusu yuniti ya umeme. Zungusha nguo mara ya pili kwenye kukamua, utaona tofauti kwenye tokeni.

Dadangu hakununua elementi. Tulitoboa tundu ukutani, tukanyoosha mpira hadi nje, na mzigo uliofuata wa taulo ulikauka kwa dakika 50.