Je, wajua? Reli ikishang'olewa, njia yake utaijuaje?

Mtwara palikuwa na treni. Ukitazama ramani ya reli za Tanzania leo utaona Reli ya Kati, reli ya Tanga na TAZARA, na kule kusini patupu kabisa. Hata hivyo, tangu 1949 hadi 1962 garimoshi lilikuwa likibeba watu na mazao kati ya pwani ya kusini na Nachingwea, kwenye njia isiyounganika na reli nyingine yoyote nchini.

Chanzo chake ni karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, ikapanga kulima zaidi ya ekari milioni 3 za karanga Afrika Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Oktoba 1949 treni ilianza kwenda Nachingwea kutoka Mkwaya, karibu na Lindi. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikauacha mpango huo, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimepotea.

Hapa ndipo ninapopaona pa kusikitisha zaidi. Karanga zilikwisha, ujenzi ukaendelea. Reli ilifika kwenye bandari mpya ya Mtwara mwaka 1954, miaka mitatu baada ya mzigo wenyewe kutoweka, na tawi la Masasi likafunguliwa 1958. Mzigo uliobaki haukutosha kuilisha njia ya kilomita 200 na ushei. Ikafungwa 1962, reli zikang'olewa.

Sasa, chuma kikishaondoka, kinabaki nini cha kutazama? Jibu liko kwenye gurudumu. Gurudumu la treni hugusana na reli mahali padogo kama sarafu, chuma kwa chuma. Ndiyo maana injini moja huvuta mamia ya tani bila kuhangaika mahali tambarare. Lakini msuguano huo mdogo huiponza mlimani: mpando wa mita 2 katika kila mita 100 tayari ni mkali kwa treni, na magurudumu huanza kuteleza. Lori hupanda mara nne ya hapo.

Nachingwea iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukizigawa kwa urefu wote wa njia kutoka Mtwara, mpando unaonekana si kitu. Shida ni kwamba nchi haipandi kwa mpangilio. Ina vilima na mabonde. Barabara hufuata nchi ilivyo, ila reli huilazimisha nchi imfuate mhandisi. Palipoinuka hukatwa, palipodidimia hujazwa udongo. Chuma kinaweza kupakiwa na kuuzwa, na mataruma, yaani vipande vinavyolazwa chini ya reli kuishikilia, nayo yana wateja. Tuta la udongo hakuna anayelibeba.

Kwa hiyo anayetafuta reli iliyokufa, iwe kusini au kwingineko, asitafute chuma. Atafute unyoofu. Njia za miguu hupindapinda kukwepa miti na mashamba ya watu; reli huenda moja kwa moja, na ikikata kona huikata pole pole, upinde mrefu wa mamia ya mita. Kwenye picha za satelaiti mstari huo huonekana hata pakiwa pameshalimwa, kwa sababu mipaka ya mashamba mara nyingi huufuata.

Ukifika chini, inama. Okota jiwe. Kokoto za reli ni mawe yaliyopondwa, yenye kona kali, kwa kuwa kona hizo ndizo zinazoyafanya yashikane chini ya mataruma treni inapopita. Jiwe la mtoni ni la mviringo. Ukikuta mawe ya kona kali yamejipanga katikati ya pori, mbali na machimbo yoyote, hapo simama uangalie kushoto na kulia. Pembeni huenda ukaona mashimo marefu yanayojaa maji wakati wa mvua. Humo ndimo udongo wa tuta ulimochimbwa. Na pale kijito kinapolipitia tuta, shuka taratibu utafute kalavati, yaani njia ya maji iliyojengwa chini ya tuta. Hiyo hudumu kuliko vyote, maana imejengwa kwa zege na kazi yake haikuisha treni ilipoacha kupita.

Nenda na mwenyeji, na uombe ruhusa, kwa kuwa tuta la zamani siku hizi ni shamba au uwanja wa mtu. Usiingize mkono kwenye kalavati. Nyuki na nyoka hupapenda. Na kipande cha chuma ukikikuta kiache palepale, kipige picha inatosha.

Kitu kimoja hakionekani kwa satelaiti wala kwa kuinama: stesheni ilikuwa upande gani, injini ilijaza maji wapi, watu walipanda na mizigo gani. Hayo yamo vichwani mwa watu. Aliyekuwa na miaka 10 treni ya Nachingwea ilipokoma sasa amevuka 70. Ukiwa na babu au bibi wa Lindi, Mtwara, Masasi au Nachingwea, mpigie simu wiki hii umuulize kama aliwahi kuipanda, na nauli ilikuwa shilingi ngapi.