Kutangaza majina ya wagonjwa hakuzuii Ebola

Kila mlipuko ukitokea Uganda, kuna wanaosema kwenye vikundi vya WhatsApp: "Tuwekeeni majina na picha za wagonjwa na waliokutana nao, tujikinge." Hofu hiyo naielewa kabisa. Lakini dawa yake siyo hiyo.

Aliyekutana na mgonjwa si mgonjwa. Dalili za Ebola hutokea kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa, na kabla ya dalili mtu haambukizi wengine. Kwa hiyo jina lake linahitajiwa na mhudumu wa afya, anayefika mlangoni kila siku na kipimajoto, anauliza kama kuna kutapika au kuumwa kichwa, kisha anaandika kwenye daftari lake. Jirani akilipata jina hilo, atafanya nini nalo zaidi ya kumfukuza mpangaji au kukataa kununua nyanya zake?

Na anayeogopa kufukuzwa hukimbia. Katika mlipuko wa 2022 uliotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba, mtu mmoja aliyekutana na mgonjwa na aliyekuwa akifuatiliwa na wahudumu wa afya alitoroka kijijini, akaenda kwa mganga wa kienyeji Luweero, mwishowe akafia hospitali ya Kampala. Virusi vilisafiri naye.

Serikali ina haki ya kumzuia mtu nyumbani kwa siku 21, sikatai. Lakini anayezuiwa asiende shambani wala kuendesha boda boda anadai chakula, maelezo kwa lugha anayoielewa, na siri yake kutunzwa. Hayo ni masharti ya karantini yenyewe kufanya kazi.