Pembe ya shingo katika gitaa la umeme

Pembe ya shingo ni kiasi ambacho shingo ya gitaa imeinama kuelekea nyuma ikilinganishwa na uso wa kiwiliwili. Ukililaza gitaa lenye pembe hiyo na kulitazama kwa ubavuni, utaona upande wa funguo za kukazia nyuzi uko chini kidogo kuliko ungekuwa kama shingo ingenyooka sambamba na kiwiliwili. Kwa kuwa Kiswahili kinatumia neno nyuzi kwa kamba za gitaa na pia kwa vipimo vya pembe, hapa pembe itapimwa kwa digrii, ili nyuzi zibaki zile zinazopigwa. Vilevile isichanganywe na mwinamo wa kichwa cha gitaa, ambao ni jambo lingine kabisa.

Wanaoanza kutengeneza magitaa huuliza mara nyingi digrii ngapi ni sahihi, na swali hilo limeanzia mwishoni. Pembe haichaguliwi, huzaliwa na kimo cha daraja, yaani kile kipande kilicho juu ya kiwiliwili ambacho nyuzi hulalia. Fundi anayechonga shingo kabla ya kuwa na daraja mkononi anabahatisha, hata akiwa na mchoro mzuri kiasi gani.

Sababu yake ni kwamba nyuzi lazima zipite juu ya freti, vile vijiti vya chuma vilivyopachikwa kwenye ubao wa shingo, kwa nafasi ndogo sana, huku upande wa pili zikilalia daraja. Ukiweka rula ndefu ya chuma juu ya freti na kuiacha ifike mpaka darajani, ncha yake inapaswa kuishia chini kidogo ya pale uzi unapolalia. Uzi ukiwa milimita 2 juu ya freti ya 12, ambayo iko katikati ya urefu wa uzi unaolia, na ukiwa umeinuka nusu milimita hivi mwanzoni mwa shingo, pale darajani utakuwa takriban milimita 3.5 juu ya mstari huo wa freti.

Tuchukue gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 628, ambalo shingo yake inaingia kwenye kiwiliwili penye freti ya 16. Kutoka hapo hadi darajani ni milimita 249. Ubao wa freti una unene wa milimita 6 na freti yenyewe imeinuka milimita 1, kwa hiyo mstari wa freti unaanzia milimita 7 juu ya uso. Daraja likiwa na kimo cha milimita 17, mstari huo unatakiwa kufika darajani ukiwa na kimo cha milimita 13.5, yaani kupanda kwa milimita 6.5. Gawanya 6.5 kwa 249 upate tanjenti ya 0.026, ambayo ni digrii 1.5 hivi. Uso ukiwa umechongwa mgongo, yaani umeinuka katikati, na daraja likasimama mahali palipoinuka milimita 10 zaidi ya pale shingo inapoingia, mstari utalazimika kupanda milimita 16.5 na pembe itafika digrii 3.8. Ndiyo maana magitaa ya aina ya Les Paul ya kampuni ya Gibson, yenye uso wa mgongo na daraja lenye kimo kikubwa, hutajwa kuwa na digrii 4 hivi.

Kampuni ya Fender walilikwepa tatizo hilo kwa njia ambayo binafsi naiona ya werevu zaidi. Kisigino cha shingo ya gitaa lao la Stratocaster, yaani ncha inayoingia kwenye kiwiliwili, kina unene wa milimita 25.4, nacho huingia kwenye shimo la kina cha milimita 15.9, hivyo ubao wa freti unabaki umeinuka milimita 9.5 juu ya uso bambapa. Ukiongeza freti na ile nafasi ya nyuzi, daraja la milimita 14 linatosha, na pembe ni sifuri.

Gibson nao walikosea mwanzoni. Les Paul ya 1952 ilitoka na pembe ndogo mno kwa daraja lake, ikabidi nyuzi zipitishwe chini ya fimbo ya daraja badala ya juu yake, na mpigaji akashindwa kuzizima vizuri kwa kiganja. Mwaka uliofuata pembe iliongezwa na daraja likabadilishwa.

Kosa la digrii 1 tu, katika umbali wa milimita 249, ni zaidi ya milimita 4 darajani, na skrubu za daraja nyingi haziwezi kufidia kiasi hicho bila shida. Shingo ya kufungwa kwa skrubu inasamehe kosa, kwa maana kipande chembamba cha nusu milimita kikiwekwa chini ya kisigino, upande ulio karibu na daraja, katika shimo la urefu wa milimita 75, huongeza karibu digrii 0.4. Shingo ya kugundishwa haina nafasi hiyo, na kwa hiyo hujaribiwa ikiwa kavu, rula ikiwa juu ya freti na daraja likiwa mahali pake, kabla gundi haijafunguliwa.