Je, wajua? Intaneti ikikatika Lamu, utajuaje kama ni waya au ni amri?

Saa kumi alasiri, gatini Amu, mji wa Lamu. Mashua imefunga, nguru na kolekole wako kwenye barafu, na muuzaji amekwisha kupiga picha ya kumtumia mteja wake wa Malindi. Picha haiendi. Kile kisaa kidogo cha WhatsApp kimeganda, tiki haiji. Mzee wa barazani asema mnara umezima. Mwingine asema ni waya wa baharini. Kijana aliyeketi kando asema, "Wametuzimia hawa." Kila mmoja ana hakika yake, na hakuna aliyepima.

Inapimika, na kipimo chake kinaanza na simu iliyo mkononi.

Mnara ukikosa umeme hulala na kila kitu: simu haitoki, M-Pesa haiendi. Lakini ukimpigia mteja mkasikizana vizuri, na pesa ikaingia kwa *334#, basi mnara u hai. Kilichokufa ni intaneti peke yake.

Sehemu kubwa ya intaneti ya Kenya huingia kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari na kutua Mombasa. TEAMS na SEACOM zilianza kazi 2009, EASSy ikafuata 2010. Nyaya hizi hukatika kweli, na tusimzushie mtu pale ambapo kosa ni la nanga ya meli. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikakwama kwa pamoja. Waya ukikatika haubagui. Video, barua pepe na WhatsApp vyote huwa vizito, jirani wa Tanzania naye hulalamika, na kampuni yenye njia ya waya mwingine huzinduka mapema kuliko mwenzake.

Amri ndiyo inayobagua. Novemba 2024, wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kampuni za simu ziliagizwa kufunga Telegram kwa saa za mtihani, kwa hoja ya kuzuia wizi wa mitihani. Telegram ikafa, WhatsApp ikaendelea kama kawaida. Waya wa baharini haujui Telegram ni nini.

Namna inavyofungwa utaielewa ukiwaza vichochoro vya Mkomani, mtaa wa Amu. Mgeni huuliza kwanza, "Nyumba ya fulani iko wapi?" Simu nayo hufanya hivyo kila unapofungua programu. Kampuni inaweza kumpotosha hapo hapo, ikamwelekeza kwenye ukuta. Au humwachia aende hadi mlangoni, na pale tu anapotaja jina la mwenye nyumba, mlango ukafungwa. VPN, programu inayoficha unakokwenda mtandaoni, ni kama kupita umejifunika: jina halisikiki njiani. Ndiyo maana programu inayokataa bila VPN na kukubali ukiiwasha ni dalili nzito kwamba kuna mkono wa mtu.

OONI Probe, programu ya bure iliyoanza 2012, hufanya safari hiyo kwa niaba yako. Hubisha hodi WhatsApp, Telegram na tovuti nyingi, kisha huandika ilikwamia wapi: kwenye kuuliza njia au mlangoni. Matokeo huwekwa wazi kwa dunia nzima, pamoja na saa na jina la kampuni ya simu. Kwa kuwa ni ya wazi, mtu aliye hatarini afikiri kwanza kabla ya kuiendesha.

Kwa nini watetezi wa haki za kidijitali wanang'ang'ania vipimo? Tarehe 24 Juni 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitangaza haina nia ya kuzima intaneti. Kesho yake, vijana wakiwa barabarani kupinga Muswada wa Fedha, intaneti ikaporomoka. Maelezo yaliyotolewa yakawa ni nyaya za baharini. Watetezi hawakuridhika, na mimi pia sikuridhika. Ni kweli kwamba kipimo hakimtaji aliyetoa amri. Lakini bila kipimo hata kusema intaneti ilianguka saa ngapi kungekuwa neno lako dhidi ya lao.

Mei 2025 mashirika kadhaa, yakiwemo BAKE la wanablogu, KICTANet la wadau wa teknolojia ya habari na tawi la Kenya la ICJ, jumuiya ya wanasheria, yalikwenda Mahakama Kuu Nairobi, na mahakama ikatoa amri ya muda kuzuia intaneti isikatwe wala kuvurugwa. Msingi wao ni Katiba. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Watu husahau neno *kupokea*. Kwa mvuvi wa msimu wa kusi, taarifa ya hali ya bahari inayomfikia kwenye simu ni haki ile ile ya mwandishi wa Nairobi.

Basi siku tiki itakapokwama, piga simu ya kawaida kwanza. Jaribu laini ya kampuni nyingine. Jaribu programu tatu, si moja. Andika saa kamili, kampuni na mahali: Mokowe si Shela, na Faza si Amu. Yule muuzaji wa gatini hakuandika chochote. Picha yake ilifika saa mbili usiku, na mteja wa Malindi alikuwa amekwisha kununua kwa mwingine.